Msamiati wa Mlo wa Bustanini katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu anayetaka kununua chakula mjini Kolwezi akakile bustanini, chini ya kivuli cha mti, hugundua kwamba msamiati wake haumtoshi. Ugali huko ni bukari, neno lenye unasaba na ubwali wa Kibemba. Kisamvu huitwa sombe, na nyama ya mbuzi ya kuchoma huitwa michopo.

Tofauti hizi si makosa. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri wafanyakazi wa lugha nyingi na kuwagawia posho ya unga wa mahindi. Katika kambi zao Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, kisha ya nyumbani, nacho kikachota maneno ya jikoni kutoka katika lugha za wapishi wenyewe.

Vyakula hivi vinafaa kubebwa. Bukari iliyofungwa vizuri hutunza joto, wala haihitaji kijiko. Chikanda, inayopikwa Katanga na Zambia kwa viazi vya okidi na karanga zilizotwangwa, hukatwa vipande na kuliwa ikiwa imepoa. Hata hivyo, okidi hizo huchimbwa porini, nazo zinazidi kuadimika. Zikitoweka, neno litabaki bila kirejelewa chake.

Kwa hiyo mtunga kamusi anayeyapuuza maneno haya kwa kuyaita ya kimtaa hupoteza sehemu ya historia ya Kiswahili. Yafaa ayakusanye mapema, tena penye mlo wenyewe.