Nani Aliyemwita Shujaa?

Hakuna taifa lisilokuwa na mashujaa, wala hakuna watoto wakuao bila ya kusimuliwa habari zao. Walakini mtu mmoja huitwa shujaa katika nyumba hii, na katika nyumba ya pili akaitwa muuaji. Basi, ndugu wasomaji, yatupasa kujua majina haya hutolewa na nani, na kwa kipimo gani.

Tuanzie hapa Terrat, upande wa kusini wa jiji la Arusha. Waarusha, kama ndugu zao Wamasai, huhesabu zamani zao kwa marika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja lenye jina lake, na sifa ya vita huwa ya rika zima. Kwa hiyo vita vya mwaka 1896 hukumbukwa kuwa ni vya rika la Talala. Wazungu wa zama zile walikuwa na desturi nyingine: nishani alivikwa ofisa mmoja, na jina lake likaandikwa kitabuni.

Mwezi wa Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na morani huko Akeri, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Kambi ya askari wa Kijerumani ilikuwa karibu, na hao morani waliwahesabu wageni wote kuwa kitu kimoja. Kwa wale waliowatuma, wawili hawa wakawa mashahidi wa dini yao. Kisha Kapteni Johannes wa Moshi akaja na askari pamoja na Wachaga, akachoma nyumba, akafyeka migomba na kuteka ng'ombe. Wajerumani waliliita jambo hilo adhabu. Kwa waliochomewa nyumba lilikuwa ni vita. Mwaka 1900 viongozi wa Waarusha na Wameru walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli, na Boma la Arusha likajengwa kwa kazi ya shuruti. Boma lile leo ni nyumba ya makumbusho.

Mlima ule ule ulizaa shujaa wa namna nyingine. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakushika mkuki, wala hakurudi na ardhi, kwani kura hazikutosha. Hata hivyo jina lake limebaki, kwa sababu alibeba neno la watu waliomtuma wala hakulipunguza.

Na sisi Waislamu tujipime kwa kipimo hicho hicho. Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Wao waliviita vita vyake maasi ya Waarabu, ingawa wengi waliopigana walikuwa Waafrika wa pwani na bara. Baada ya Uhuru akatajwa miongoni mwa watetezi wa nchi, na kwa haki, maana alisimama wakati wengine walipokwisha kuinama. Lakini pia alikuwa mwenye shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Lau mtumwa wa shamba lile angeulizwa shujaa wake ni nani, je, angemtaja bwana wake?

Kusema haya si kumvunjia mtu heshima. Dini yetu imetuamrisha uadilifu, hata ukiwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Anayemficha mtoto aibu za wakubwa humfundisha kuabudu watu, na anayemfundisha aibu tupu humwacha bila ya mfano wa kufuata.

Basi mzazi anapomsimulia mwanawe habari za shujaa yeyote, awe wa kabila lake au wa dini yake, na amfundishe kuuliza matatu: Alitetea nini? Nani aliumia kwa mkono wake? Na habari hii tumeipata kwa nani? Kijana aliyezoea maswali hayo hatadanganywa upesi na kila apigiwaye ngoma leo.