Sauti Isiyokuwamo Katika Kinanda: Kujitengenezea Ala ya Umeme Nyumbani

Aliyewahi kuhudhuria taarabu asilia ya Unguja, kwa mfano katika jumba la Culture Musical Club huko Vuga, amemwona mpigaji wa kanuni akiinua na kuteremsha vijipande vidogo vya chuma vilivyopangwa mwanzoni mwa nyuzi. Watazamaji wengi hudhani kwamba anachezesha vidole tu akisubiri wenzake. Sivyo. Kila kijipande kinapoinuliwa hufupisha uzi kwa kiasi kidogo mno, na sauti ya uzi huo hupanda kwa kiasi ambacho kinanda cha kawaida hakikijui.

Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa imetegemea sana vinanda vya umeme vinavyonunuliwa madukani. Vyombo hivi ni vyepesi kubeba na vina sauti nyingi. Hata hivyo, vingi vyake vimepangwa kwa mizani moja tu, ile ya muziki wa Ulaya. Kijana anayejifunza muziki juu ya kinanda cha namna hiyo peke yake huweza kukua bila ya sikio lake kuzijua baadhi ya sauti ambazo babu zake waliziimba. Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi wa shule ya sekondari anavyoweza kujitengenezea ala ndogo ya umeme inayotoa sauti hizo, kuitia mwangwi na kuirekodi, kwa vifaa vichache na kwa hesabu anayofundishwa darasani.

Sauti kumi na mbili, na zilizo baina yake

Sauti ni mtetemo wa hewa. Hewa ikitetemeka mara 220 katika sekunde moja tunasikia sauti nene kiasi. Ikitetemeka mara 440 tunasikia sauti ile ile, lakini ya juu zaidi. Umbali huu wa kuzidisha kwa mbili huitwa oktavu. Kinanda cha kawaida huigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua hupatikana kwa kuzidisha mitetemo ya sauti iliyotangulia kwa 1.0595 hivi.

Tuanze na sauti ya mitetemo 220. Tukipanda hatua tatu tunafika mitetemo 261.6, tukipanda hatua nne tunafika 277.2. Baina ya hizo mbili kinanda hakina kitu. Lakini katika makamu ya Rasti, mojawapo ya makamu mashuhuri za muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu hukaa hapo hapo katikati, karibu na mitetemo 269.3. Mpigaji wa udi au wa fidla huipata kwa kusogeza kidole, kwa kuwa shingo za ala zake hazina vigawanyo. Mpigaji wa kanuni huipata kwa vile vijipande vya chuma. Mpigaji wa kinanda cha kawaida hana njia.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, wajumbe walijadili kama oktavu ya Kiarabu igawanywe katika robo 24 zilizo sawa, na hawakukubaliana, kwani wanamuziki wenyewe hawakuzipiga sauti hizo kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo namba tunazotumia hapa ni mahali pa kuanzia tu. Hakimu wa mwisho ni sikio la mpigaji aliyebobea.

Cairo na Unguja

Si ajabu kwamba habari hii inatupeleka Cairo. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai hadi leo.

Ni katika mji huo huo wa Cairo, mwaka 1944, ambapo kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine ya kurekodia iliyotumia waya wa chuma badala ya utepe. Alirekodi sauti za wanawake katika ngoma ya zari, kisha akarudi kituoni, akaziondoa baadhi ya sehemu za sauti hizo na kuzitia mwangwi, hata zikawa muziki mpya kabisa. Alifanya hivyo miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kufanya majaribio yake yaliyovuma mjini Paris mwaka 1948. Huko Marekani nako, Robert Moog alianza tangu ujana wake kuunda ala za umeme nyumbani pamoja na baba yake. Mwaka 1964 akaunda sintesaiza, yaani ala inayozalisha sauti kwa saketi za umeme, iliyompatia sifa duniani. Wote wawili walianza na vifaa vilivyokuwa karibu nao.

Saketi ya kwanza

Moyo wa ala yetu ni kipande kidogo cha saketi chenye miguu minane, kiitwacho 555. Kilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na mpaka leo hutengenezwa kwa wingi na ni rahisi. Pamoja nacho tunahitaji betri ya volti 9, spika ndogo ya omu 8, rezista na kapasita chache, na vibonyezo vinne. Spika na baadhi ya vifaa vingine huweza kung'olewa katika redio mbovu. Fundi wa redio wa mtaani ataweza kukuonyesha.

Kazi ya 555 ni kuangalia kapasita ikijaa umeme na kupungua. Kapasita ikijaa kufikia theluthi mbili za nguvu ya betri, 555 huifungulia njia ya kutokea. Ikipungua hadi theluthi moja, huifunga njia hiyo nayo ikaanza kujaa tena. Kila mzunguko ni mtetemo mmoja. Rezista ikiwa kubwa, umeme hupita polepole, kapasita huchelewa kujaa, na sauti huwa nene. Rezista ikiwa ndogo, sauti hupanda. Kanuni yake ya hesabu ni hii: idadi ya mitetemo kwa sekunde ni 1.44 ikigawanywa kwa C mara (R1 + 2R2).

Unga miguu namba 4 na 8 kwenye upande chanya wa betri, na mguu namba 1 kwenye upande hasi. Unga R1 ya kilo-omu 1 baina ya upande chanya na mguu namba 7. Unganisha miguu namba 2 na 6 pamoja, na kutoka hapo weka kapasita C ya mikrofaradi 0.1 hadi upande hasi. Weka kapasita nyingine ya mikrofaradi 0.01 baina ya mguu namba 5 na upande hasi. Sauti hutoka mguu namba 3. Ipitishe katika rezista ya omu 220, kisha katika kapasita ya mikrofaradi 10 ambayo upande wake chanya unaelekea kwenye 555, ndipo iingie katika spika. Waya wa pili wa spika urudi upande hasi wa betri.

R2 ndiyo sehemu ya muziki. Baina ya mguu namba 7 na ile miguu 2 na 6 unga matawi manne, kila moja likiwa na kibonyezo, rezista ya kilo-omu 22, na rezista geuzi ya kilo-omu 20, yaani ile inayozungushwa kama kifundo cha kuongezea sauti redioni. Vyote vitatu viungwe mfululizo. Kwa kuzungusha kifundo, kila tawi huweza kupangwa popote baina ya mitetemo 170 na 320 hivi. Kwa sauti nne za mwanzo za Rasti, hesabu inatupa:

Sauti ya 1: mitetemo 220.0, ukinzani wa tawi kilo-omu 32.2
Sauti ya 2: mitetemo 246.9, ukinzani wa tawi kilo-omu 28.7
Sauti ya 3: mitetemo 269.3, ukinzani wa tawi kilo-omu 26.2
Sauti ya 4: mitetemo 293.7, ukinzani wa tawi kilo-omu 24.0

Usishangae ukiona kwamba sauti unayoisikia haikulingana na hesabu. Kapasita iliyoandikwa 0.1 huweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 10 au zaidi. Ndiyo maana tumeweka rezista geuzi. Chagua kapasita ya plastiki badala ya ile ya udongo, kwani haibadiliki sana kwa joto. Kisha mwendee mpigaji wa kanuni au udi, mwombe apige sauti ya tatu ya Rasti, nawe uzungushe kifundo mpaka sauti mbili ziungane. Zikikaribiana bila kulingana utasikia mawimbi yakipanda na kushuka. Kadiri unavyokaribia, mawimbi hayo huenda polepole, na mwishowe hutoweka.

Ukibonyeza vibonyezo viwili kwa pamoja hutapata sauti mbili, bali moja iliyo juu zaidi, kwa sababu matawi mawili yaliyo sambamba hupunguza ukinzani. Ala hii huimba sauti moja kwa wakati, kama zumari.

Kuilainisha sauti

Sauti ya 555 ni kali, kwa sababu wimbi lake halipandi na kushuka taratibu bali huruka juu na kuanguka ghafla. Wimbi la namna hiyo hubeba ndani yake sauti nyingi za juu. Ukitaka kuilainisha, usiipeleke moja kwa moja kwenye spika. Ipitishe katika rezista ya kilo-omu 10, kisha weka kapasita ya mikrofaradi 0.01 kutoka hapo hadi upande hasi, na uipeleke kwenye amplifaya ndogo ya betri. Kichujio hiki huanza kupunguza sauti zilizo juu ya mitetemo 1,600 hivi. Ukiongeza kapasita, sauti huzidi kuwa laini.

Mwangwi wa Mji Mkongwe

Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, nazo hurudisha sauti vizuri. Hata hivyo vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambao ni mita tatu hivi. Katika joto letu sauti husafiri mita 347 hivi kwa sekunde, na sikio huhitaji karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde ili kuutenga mwangwi na sauti yenyewe. Kwa hiyo ukuta unapaswa kuwa mita 17 mbali. Ndani ya chumba cha mita tatu tunapata mvumo tu, si mwangwi. Mvumo huo nao una faida yake: weka spika chini ya ngazi na maikrofoni juu yake, na ala yako itapata upana ambao haikuwa nao.

Mwangwi kamili hupatikana kwa mashine ya utepe yenye kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusikilizia. Utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, na vichwa vikiachana kwa sentimita 5, sauti huchelewa kwa sekunde 0.26.

Kurekodi

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Hapa nyumbani hapakuwa na chombo. Leo simu ya mkononi hurekodi, lakini maikrofoni ya kwanza ya mwanafunzi inaweza kuwa spika ya redio mbovu. Umeme ukipita katika koili ya spika, karatasi yake husogea. Vivyo hivyo sauti ikiisogeza karatasi, koili hucheza ndani ya sumaku na kuzalisha umeme mdogo, wa milivolti chache tu. Ukipeleka umeme huo kwenye amplifaya, spika imekuwa maikrofoni. Haitatoa sauti safi kama ya studio, lakini itakufundisha jinsi maikrofoni nyingi zinavyofanya kazi.

Hadhari

Fanya majaribio haya kwa betri tu. Usifungue chombo kilichounganishwa na umeme wa nyumba wa volti 230, na tambua kwamba kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Betri ina faida nyingine kisiwani kwetu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara ulipoharibika, Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila ya umeme huo. Ala ya volti 9 isingenyamaza.

Adui wa pili ni chumvi ya hewa ya pwani, ambayo hula shaba na viungo vya lehemu. Baada ya kulehemu, safisha ubao wa saketi kwa spiriti, uache ukauke, kisha upake vanishi upande wa viungo.

Zoezi kwa wanafunzi

Kapasita mbili za mikrofaradi 0.1 zikiungwa mfululizo huwa sawa na moja ya mikrofaradi 0.05. Ziweke mahali pa C bila ya kugusa vifundo. Kokotoa mitetemo mipya ya sauti zote nne. Je, makamu imebaki kuwa Rasti? Andika sababu ya jibu lako, kisha isikilize ala uone kama inakubaliana nawe.