Mzimu, Kamchape na Shahidi: Maneno ya Ufichuzi Ufipa na Pwani

Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo: sumba, tupa, wanga, uchawi. Yamkini tafsiri hiyo ni ya mapokeo tu, wala si lazima iwe ndiyo asili ya jina. Lakini msemaji wa pwani huielewa mara moja, maana kwake pia mwanga ni mchawi wa usiku na kuwanga ndiyo kazi yake. Kutoka mjini hapo hata Kaoze na vijiji vingine vya Rukwa, jina hilo lakumbusha kwamba uovu waweza kufichwa, na kwamba hutafutwa mtu wa kuufichua.

Kitenzi fichua chastahili kuangaliwa. Kimeundwa kwa ficha na kiambishi kinachotengua tendo, kama funga izaavyo fungua. Mganga hukitumia, na askari mpelelezi hukitumia vilevile. Tofauti yao huonekana baadaye, katika kile ambacho kila mmoja hukiweka mbele ya watu.

Mfano wa ufichuzi wa namna ya kwanza ni kamchape. Asili ya neno ni Kichewa, ambamo kuchapa ni kufua nguo. Msemaji wa Kiswahili, ambaye kwake kuchapa ni kupiga, hupotoka kwa urahisi. Maana yake basi ni usafishaji. Audrey Richards alieleza mwaka 1935 jinsi wasafishaji hao, waliotoka Nyasaland, walivyopita katika nchi ya Wabemba: watu walipangwa mstari, wakapita nyuma ya mganga, naye akawatazama katika kioo kidogo ili amjue mchawi. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 makala juu ya kamchape ya huko. Neno lenyewe lingali likisikika mkoani Rukwa.

Namna ya pili yaonekana katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali yakutwa penye mzimu, na hofu ya mahali hapo yatosha kuwafanya wengi wasiulize zaidi. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, hauliza mzimu umekasirikia nini. Huuliza nani alikuwa wapi, na kwa faida gani. Katika Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, mwandishi alichagua tena jina la mahali panapotajwa na Waunguja kuwa makao ya wachawi. Mzimu na Giningi ni pazia, na muuaji yu nyuma yake. Kwa hiyo Abdulla aliishika kanuni ya Ronald Knox, padri wa Kiingereza, ambaye mwaka 1929 alikataza nguvu zisizo za kibinadamu katika hadithi ya upelelezi.

Kanuni hiyo haishikwi na wote. Katika tamthilia ya Korea ya Kusini iitwayo Signal, iliyoonyeshwa katika televisheni mwaka 2016, mpelelezi wa leo huzungumza kwa simu ya upepo na mpelelezi wa miaka iliyopita. Ajabu hiyo huachwa bila maelezo. Walakini sauti peke yake haimfungi mtu. Ni lazima wapelelezi watafute uthibitisho ambao wengine nao waweza kuuona.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno. Ramli, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mchanga. Ushahidi, kwa asili ya lugha iyo hiyo, watokana na kuhudhuria na kuona kwa macho. Shahidi huweza kuulizwa alisimama wapi, na kama palikuwa na mwanga wa kutosha. Kioo cha mganga hakiulizwi. Bibi kizee aliyetajwa na kioo hana la kujibu, na kutajwa kwaweza kumgharimu nyumba yake au roho yake. Mwenye kutunga kamusi, akiandika kwamba fichua ni kutoa siri nje, ameandika kweli. Angeongeza mfano wa mganga na mfano wa mpelelezi, msomaji angetambua kwamba kitenzi ni kimoja na haki ni mbili.