MLINZI WA UMEME ASINYAMAZISHWE

Arudipo askari kutoka lindo la usiku, hakuna kimpendezacho kama maji ya moto. Ndiyo maana nyumba nyingi za mjini zimefungwa shawa ya umeme. Lakini chombo hicho hukutanisha maji, umeme na mwili mtupu mahali pamoja. Hivyo chataka nidhamu ile ile tuipayo silaha.

Kwanza, ijue nguvu yake. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 hula ampia 23 hivi, ilhali plagi ya kawaida hubeba ampia 13 tu. Kwa hiyo shawa haichomekwi katika soketi. Yapasa iwe na njia yake pekee kutoka kwenye bodi: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, kikata-umeme cha ampia 32, swichi yake ikatayo nyaya zote mbili, na waya wa ardhi.

Pili, soma dalili. Kikata-umeme kikijizima papo hapo, huenda nyaya zimegusana. Kikijizima baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi au skrubu imelegea na kuzua joto. Swichi iliyobabuka ni ushahidi. Ukihisi mtetemo mwilini, umeme unavuja: toka majini bila kugusa bomba, zima mein swichi, mwite fundi mwenye leseni.

Liko kosa moja kubwa, nalo ni kutia waya mnene mahali pa fyuzi iliyoungua, au kufunga kikata-umeme kikubwa zaidi ili kisisumbue. Huko ni kumwadhibu mlinzi kwa sababu amepiga king'ora. Waya wa ukutani utapata moto hata uiunguze nyumba.

Tena ifahamike kwamba kikata-umeme hulinda waya, si mtu. Umeme usiofika hata ampia 1 waweza kuua, nacho kisishtuke. Amlindaye mtu ni kifaa kingine, kilinganishacho umeme uendao na urudio. Tofauti ikifika sehemu 30 za elfu za ampia, hukata mara moja. Kina kitufe cha majaribio: kibonyezwe kila miezi 6. Kisipokata, shawa isitumike mpaka fundi afike.

Ndugu askari, bunduki huikagua kabla ya zamu. Ikague na bodi ya umeme kabla watoto hawajaingia bafuni.