Mbwa Mwongozaji Hajengi Barabara

Huduma kwa watu wenye ulemavu zimepangwa kwa mafungu. Asiyeona hupewa fimbo nyeupe, asiyeweza kutembea hupewa kitimwendo, na kila fungu lina wataalamu wake na bajeti yake. Mpango huu humwacha nje mtu mwenye hali zote mbili. Watu hao wapo: kisukari peke yake kinaweza kumpofusha mtu na pia kumfikisha kukatwa mguu, na ajali moja ya barabarani inaweza kuumiza uti wa mgongo na macho kwa pamoja. Ni vigumu mtu kupapasa njia kwa fimbo huku mikono yake miwili ikisukuma magurudumu. Mara nyingi jibu analopewa ni kusukumwa na ndugu, yaani kwenda anakopelekwa, kwa saa anayopelekwa. Lipo jibu lingine lililokwisha kuthibitishwa kwa vitendo: mbwa mwongozaji aliyefundishwa kwenda sambamba na kitimwendo. Lakini mbwa huyo hufaa pale tu barabara na sheria zinapotimiza sehemu yake.

Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1929 shule ya The Seeing Eye ilianzishwa Marekani. Mbwa wa shule hizo walifundishwa kumwongoza mtu anayekwenda kwa miguu: kusimama penye ngazi, kukwepa mashimo, kupita penye upenyo unaowatosha wawili. Kwa mtu wa kitimwendo mafunzo hayo hayatoshi, kwa kuwa ngazi ambayo mwenzake wa miguu husimama mbele yake kisha akaipanda, yeye humfungia njia. Ndiyo maana mbwa wake hufundishwa kutafuta mteremko, kukadiria upana wa kiti chote, na kujitenga na magurudumu ili asikanyagwe. Baadhi ya shule, ikiwemo Guiding Eyes for the Blind ya jimbo la New York, zimefundisha mbwa kwa watu wenye ulemavu zaidi ya mmoja.

Mbwa na msafiri wa kitimwendo hugawana kazi. Mbwa huvaa mkanda wa kifuani wenye mshiko mgumu. Kwa kawaida msafiri hushika mshiko huo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huendesha kiti cha umeme kwa mwendo wa mbwa. Kiti huenda kwa nguvu ya umeme wake, hakivutwi na mbwa, kwa sababu kuvuta uzito kungeumiza viungo vya mbwa na kuvuruga ishara ambazo msafiri huzipata kupitia mshiko. Mbwa hajui kwamba safari ni ya sokoni, wala hasomi taa za barabarani. Msafiri ndiye anayeijua njia, anayesikiliza magari na kutoa amri. Mbwa naye hufundishwa kukataa amri yenye hatari, kwa mfano akiambiwa avuke huku gari linakuja.

Wapo watakaosema huko ni kumhatarisha mtu na mnyama. Hatari ipo, na ndiyo sababu shule huchagua kwa makini: mbwa anayeshtushwa na magurudumu hafai, na msafiri lazima aweze kukiongoza kiti chake barabara. Wengine wanatumaini kwamba vihisi vya kielektroniki vitachukua nafasi ya mbwa. Vihisi husaidia kugundua kizuizi, lakini mbwa hukizunguka na kutafuta mlango au mteremko aliofundishwa. Hoja nzito zaidi ni gharama. Mbwa huhitaji takriban miaka miwili ya malezi na mafunzo kabla ya kuanza kazi, na nchi ambayo watu wake bado wanakosa vitimwendo ina haki ya kuuliza kipi kitangulie.

Mimi nasema itangulie barabara, kwa sababu mbwa hawezi kuupata mteremko ambao haukujengwa. Viwango vya Marekani hutaka mteremko usizidi kimo cha 1 kwa urefu wa 12, na mlango uwe na upenyo wa milimita 815 angalau. Hata vipimo hivyo vinahitaji akili inayomwona mtu mzima. Ukingo wa barabara ukishushwa kabisa, kiti hupita vizuri, lakini asiyeona hupoteza alama ya mwisho wa njia ya miguu. Kwa hiyo huwekwa vigae vyenye vinundu anavyovihisi. Mjenzi aliyefikiria ulemavu mmoja tu amemtegea mtego mwenye ulemavu mwingine.

Sheria nayo ni sehemu ya njia. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka madereva wa teksi kumbeba mbwa wa msaada bila nauli ya ziada, isipokuwa kwa dereva mwenye cheti cha msamaha wa kiafya. Kwetu, hasa pwani, wengi watauliza kuhusu dini na twahara. Swali hilo ni la haki, na Waislamu wamekwisha kulijibu penye haja: mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulikubali kijana asiyeona aje na mbwa wake, akimwacha sehemu ya kuingilia wakati wa swala. Twahara ya mahali pa ibada ililindwa, na kijana naye hakufungiwa mlango.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 20 ya mkataba huo inazitaka serikali kurahisisha upatikanaji wa vifaa bora vya kujongea, na pia msaada wa viumbe hai. Halmashauri na kaunti zetu zianze na kazi iliyo mikononi mwao: kila njia ya miguu inayojengwa leo ipimwe na asiyeona na mwenye kitimwendo wakiwa pamoja, kabla mkandarasi hajalipwa.