Gari "la jeshi" kutoka Japani: soma fremu kabla ya kuhesabu pesa

RUMONGE. Mfanyabiashara wa mawese au ndagala anayetaka gari la kupanda vilima vilivyo nyuma ya ziwa haendi kutafuta Probox wala Ti. Hizo ni gari za lami. Anatafuta Land Cruiser ya zamani, ile inayojulikana kama hardtop, na muuzaji mjanja ana neno moja la kumlainishia moyo: hili ni "la jeshi". Mnunuzi akisikia hivyo anaona chuma kinene, injini isiyochoka na gari lililotunzwa na watu wenye nidhamu. Bei inapanda papo hapo. Lakini neno hilo halionyeshi gari limetoka wapi, na anayelinunua kwa neno tu anaweza kupoteza gari na mtaji kwa siku moja, mbele ya afisa wa forodha.

Uhitaji wa gari hizi unaeleweka. Barabara ya RN3 inafuata ufuko kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kiasi cha kilomita 75, kisha inaendelea Nyanza-Lac na Mabanda hadi mpaka wa Mugina, unaotazamana na Manyovu mkoani Kigoma. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kilomita 45 za Rumonge–Gitaza upande wa Burundi na kilomita 260 za Kabingo–Kasulu–Manyovu upande wa Tanzania. Hata hivyo, lami haifiki kila mahali mzigo unapoanzia. Kwenye vilima vya Burambi na Buyengero, mvua ikinyesha njia ya udongo inateleza kama sabuni, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne linabaki bondeni.

Ukoo wa jeshi, si gari la jeshi

Muuzaji hadanganyi kabisa. Ukoo wa Land Cruiser ulianzia kwenye mahitaji ya dola. Mwaka 1950, vita vya Korea vilipoanza, Japani iliunda Akiba ya Polisi ya Taifa, ambayo mwaka 1954 ilizaa Vikosi vya Kujilinda. Akiba hiyo ilihitaji gari la mfano wa jeep. Toyota ilitengeneza gari lililoitwa BJ mwaka 1951, likiwa na injini ya lori, na Julai ya mwaka huo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Zabuni ya jeshi hata hivyo ilikwenda kwa jeep ya Willys iliyoundwa Japani na Mitsubishi kwa leseni ya Wamarekani. Toyota ikapata wateja wengine, wakiwemo polisi, na mwaka 1954 gari lake likapewa jina la Land Cruiser.

Magari halisi ya Vikosi vya Kujilinda ni habari nyingine. Yakistaafu, kwa kawaida hukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Hayapangwi kwenye minada ya magari ya mtumba inayolisha bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo gari la kijani lililosimama uwanjani likisubiri mteja karibu daima ni la raia lililopakwa rangi, au limetoka kwa jeshi, polisi au shirika la misaada la kanda hii hii. La namna hiyo si lazima liwe baya. Ila nyaraka zake lazima ziseme ukweli huo: hati ya mnada wa serikali au ya shirika, si hadithi ya Japani.

Mwaka hausemi uongo

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Land Cruiser za familia ya 70 zilizinduliwa mwaka 1984, na Toyota iliacha kuziuza ndani ya Japani mwaka 2004. Zilirudi kwa muda mfupi mwaka 2014 zikiwa na injini ya petroli ya lita 4.0, kisha tena mwaka 2023 zikiwa na dizeli ya lita 2.8. Basi ukiuziwa hardtop ya dizeli ya mwaka 2008 yenye injini ya 1HZ, ukaambiwa ilikuwa ikitembea Japani, jua kuna jambo. Gari hilo lilitoka kiwandani Japani, ndiyo, lakini liliuzwa mara ya kwanza kwingine: huenda Ghuba, huenda kwa shirika la kimataifa. Haliwezi kuwa na hati ya Kijapani ya kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Likiwa nayo, hati ndiyo ya kutiliwa shaka.

Gari lililonunuliwa mnadani Japani huja pia na karatasi ya ukaguzi wa mnada. Omba uione. Alama ya R kwenye daraja huonyesha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, herufi S ni kutu na C ni chuma kilicholiwa. Japani ya kaskazini hunyunyizia chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo huila fremu kutoka ndani huku bodi ikibaki inang'aa.

Lala chini ya gari

Kipimo cha pili ni fremu. Namba ya chasisi ya gari hizi imegongwa kwenye reli ya kulia ya fremu, upande wa mbele, karibu na gurudumu. Isafishe kwa brashi ya waya, uilinganishe na kibati kilichomo kwenye chumba cha injini, kisha na kadi ya gari. Tarakimu zilizopinda, alama za jiwe la kusagia, au rangi mpya mahali hapo tu, ni sababu ya kuondoka. Kagua pia viungo vya fremu. Kiwanda hutumia ripiti. Ukikuta bolti au mstari mnene wa kulehemu katikati ya reli, huenda mbele ni gari moja na nyuma ni jingine.

Herufi za mwanzo wa namba husema injini iliyozaliwa na gari. BJ ni ukoo wa injini ya B, kama 3B. PZJ ni 1PZ ya silinda tano. HZJ ni 1HZ ya silinda sita, lita 4.2. Fremu ikisema BJ na chini ya boneti kuna 1HZ, injini imebadilishwa. Kubadilisha injini si kosa, lakini namba ya injini kwenye kadi lazima iwe ile iliyogongwa kwenye bloku.

Ndipo ufike kwenye injini yenyewe. 1HZ ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Ukikatika, vali hugonga pistoni. 3B hutumia gia, haina mkanda huo. Fungua kifuniko cha oili ya difu: oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji, jambo la kuangaliwa sana ukanda huu ambako Tanganyika limefurika mara kadhaa miaka ya karibuni. Pima umeme pia. Dizeli nyingi za soko la Japani zina volti 24, lakini betri mbili peke yake si ushahidi, kwani zipo zilizofungwa sambamba kutoa volti 12. Ukifunga taa au redio bila kupima, utaiunguza.

Kufufua au kuzika

Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, kitovu cha Waswahili na cha gereji, una mafundi wanaoweza kuifufua karibu kila sehemu ya hardtop. Springi hupangwa upya, breki hufungwa mpya, pampu ya dizeli husafishwa, milango iliyooza hukatwa na kuchomelewa bati jipya. Kazi hizo zinalipa, kwa kuwa vipuri vya gari hizi husafiri kati ya Dar, Kampala, Kigoma na Uvira bila kukosa mnunuzi. Kazi isiyolipa ni fremu iliyooza. Kuibandika vipande huficha ugonjwa tu, na gari litakatika siku limebeba mzigo.

Kazi moja ndogo husahaulika. Japani na Tanzania huendesha kushoto, Burundi huendesha kulia. Taa za gari la Japani hutupa mwanga upande wa kushoto, yaani machoni mwa anayekuja mbele yako kwenye kona za RN3. Kubadilisha taa ni gharama ndogo. Kuhamisha usukani ni jambo jingine: boksi la usukani, pedali na dashibodi huhama, na kosa moja hapo ni ajali. Burundi imejaa gari za usukani wa kulia, lakini Rwanda imeziwekea vizuizi kwa muda mrefu. Kama unapanga kuuza ng'ambo ya Akanyaru, uliza kwanza.

Mpakani

Tangu Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, mambo mengi ya ushuru humalizwa kabla mzigo haujaondoka bandarini. Hivyo kosa la namba halisubiri Kobero au Mugina. Linaweza kukufunga ukiwa Dar, ada za bandari zikiongezeka kila siku. Anayenunua gari lililokwisha tembea nchi jirani anahitaji uhakika kwamba halikuibwa. Kila nchi mwanachama ina ofisi ya Interpol yenye njia ya kuulizia kanzidata ya magari yaliyoibwa. Kwa bima, kadi ya njano ya COMESA inatambulika Burundi na Tanzania pia, ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA.

Kwa mfanyabiashara wa Rumonge, hesabu ni kali zaidi leo kuliko zamani. Fedha za kigeni ni adimu, mafuta hukatika kwa wiki nzima, na faranga zilizokusanywa kwa misimu kadhaa ya mawese hazipatikani mara ya pili. Malipo ya fundi wa kulala chini ya gari saa moja, akiwa na brashi ya waya na tochi, ni kidogo kuliko bei ya tairi moja. Muuzaji anayekataa fremu yake isuguliwe amekwisha kujibu swali.