Kuipa Folda Herufi ya Diski: Amri ya subst katika Windows

Katika kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Windows, kila diski hutambulishwa kwa herufi moja inayofuatwa na nukta mbili, na watumiaji wengi huichukulia herufi hiyo kuwa ndiyo diski yenyewe. Utaratibu huu ulitoka katika CP/M, mfumo endeshi uliobuniwa na Mmarekani Gary Kildall mwaka 1974, ukaingia katika MS-DOS ya kampuni ya Microsoft mwaka 1981, wakati ambapo A na B zilikuwa herufi za disketi. Diski kuu zilipoanza kuwekwa ndani ya kompyuta ndogo zikapewa C, na ndiyo maana kompyuta za leo, ambazo hazina tena tundu la disketi, bado huanzia C. Herufi, kwa hiyo, ni jina tu, na jina hilo laweza kupewa hata folda, yaani kabrasha la kutunzia mafaili.

Kazi hiyo hufanywa na amri iitwayo subst, iliyokuwamo katika MS-DOS tangu toleo la 3.1 na ambayo Windows ingali nayo. Mfano mzuri ni wa mhasibu wa chama cha ushirika ambaye mafaili yake ya mishahara yamo katika C:\Users\Ofisi\Documents\Hesabu za Chama\Mishahara, mfuatano wa majina unaoitwa njia, kwa kuwa huonyesha folda zinazopitiwa mpaka kulifikia faili. Akifungua dirisha la amri, yaani programu ya cmd inayopokea maagizo kwa maandishi, aandike:

subst M: "C:\Users\Ofisi\Documents\Hesabu za Chama\Mishahara"

Akishabonyeza kitufe cha Enter, kompyuta haitoi jibu lolote, na ukimya huo ndio dalili kwamba agizo limekubaliwa. Akitazama orodha ya diski ataikuta M imeongezeka, na ndani yake mafaili yake yote ya mishahara. Alama za kunukuu zisiachwe, kwa sababu jina «Hesabu za Chama» lina nafasi kati ya maneno, na bila alama hizo kompyuta huyasoma maneno hayo kuwa vitu mbalimbali. Katika kuchagua herufi, inafaa kuepuka zile zinazoifuata C kwa karibu, ambazo huchukuliwa na flashi zinapochomekwa, pamoja na zile za mwisho, ambazo ofisi nyingi huzitumia kwa folda za mtandao.

Faida yake haiishii katika kupunguza kubofya. Programu nyingi za Windows hazipokei njia inayozidi kikomo cha alama 260, na folda zikiwekwa moja ndani ya nyingine kwa majina marefu, kikomo hicho hufikiwa upesi kuliko inavyodhaniwa. Njia ya mhasibu huyu ina alama 50, ilhali M: ina 2 tu, hivyo anaokoa alama 48 katika kila faili. Hata hapo uangalifu unahitajika, kwani faili lililoundwa kupitia M likiwa na jina refu mno laweza kukataa kufunguka likitafutwa kwa njia yake kamili.

Jina hili halidumu: kompyuta ikizimwa na kuwashwa, M hutoweka, ingawa mafaili hubaki palepale. Anayetaka irejee yenyewe huiandika amri ileile katika faili la maandishi lenye kiishio cha .bat, akaliweka katika folda inayofunguka kwa kuandika shell:startup kwenye kisanduku cha kuendeshea programu, ambacho huitwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Jambo jingine linalowatatiza wengi ni kwamba programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi kwa kawaida haiioni M, kwa kuwa Windows huitenga na herufi alizojiwekea mtumiaji. Kuiondoa ni rahisi: subst M: /D hufuta jina peke yake.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika sura ya kitu chenyewe. M inaonekana kama diski, ina herufi kama diski, hata nafasi inayoonyeshwa kuwa tupu ni ileile ya C, na mtu asiyejua huweza kunakili mafaili yake humo akaamini kwamba ameyawekea akiba. Hakuna akiba hapo. Faili lililofutwa ndani ya M limefutwa katika C, na diski ya C ikiharibika, vyote viwili hupotea pamoja. Kwa hiyo anayeitumia subst kwa kazi muhimu, hasa mishahara ya watu, hana budi kuweka nakala katika diski ya nje iliyo tofauti kabisa na kompyuta hiyo.